Betri za Saa ya Ukutani kwenye Harusi ya Mikumi

Jumapili, Kilosa. Mvua imenyesha tangu alfajiri, si kubwa, ile ya kuudhi tu, na uwanja wetu wote ni tope. Nimerudi kutoka Mikumi asubuhi miguu imevimba. Begi la kamera nililitupa kitandani na bado liko hapohapo. Nimekunywa chai mara mbili na sijasikia ladha yake.

Sina huzuni. Sijui nina nini. Nadhani bado niko ukumbini.

Kabla sijaandika lolote: bibi harusi ameniruhusu. Nilimuuliza kwa simu, akacheka, akasema andika tu dada, ila badilisha majina. Kwa hiyo humu ataitwa Zainabu, mume wake Hamadi, na wengine wote nao sivyo wanavyoitwa.

Mnaonisoma siku nyingi mnajua nilivyosumbuka na flashi. Vyumba na kumbi za huku ni giza, bila flashi huna picha. Na flashi yangu inakula betri nne ndogo, zile za saa ya ukutani. Miaka yote nilikuwa nanunua za dukani, zozote nitakazokuta. Unapiga picha moja, flashi inaanza kulia kama mbu, tiiii, inajikusanyia nguvu ya picha inayofuata, na kile kitaa chekundu cha mgongoni hakiwaki. Unasubiri. Watu wameganda na tabasamu mpaka mashavu yanatetemeka. Kadiri betri zinavyochoka, ndivyo mlio unavyorefuka. Zile za alkalaini ni afadhali, zinaanza vizuri, lakini sherehe ikifika katikati nazo zinaanza kujivuta. Na wewe unaposubiri, harusi haisubiri. Baba anafuta chozi, flashi bado inalia. Bibi anainuka kucheza, flashi bado inalia.

Mwezi uliopita dada yangu aliyeko Dar akanitumia betri za kuchaji pamoja na chaja yake.

Jamani.

Hizi hazina ubahili. Flashi ikiomba umeme zinautoa kwa mkupuo, unapiga na kitaa kimeshawaka, unapiga tena kimeshawaka. Zina tabia zake, kwanza hazitoi onyo, zinakwenda vilevile mpaka zinakata ghafla, halafu ukizisahau kabatini unakuta zimepungua zenyewe. Lakini ukizichaji vizuri kabla ya kazi, unafanya unavyotaka. Kwenye sherehe mbili tu nilizozitumia, watoto wa mtaani kwetu wakaanza kuniita Mama Radi. Nakiri nilipenda. Nilikuwa nikitembea na begi langu najiona.

Hivyo ndivyo nilivyokwenda Mikumi jana, najiona.

Zainabu ni binti wa Kilangali, anachambua mbegu shambani. Hamadi ni fundi wa malori pale Mikumi, barabara kuu. Ndoa ilikuwa ifungwe mchana, kisha walima ukumbini alasiri. Kazi yangu ilianzia kwenye chumba cha gesti alikokuwa anapambwa bibi harusi. Nilikuta wanawake wamejaa, harufu ya udi, malori yananguruma nje mpaka kioo cha dirisha kinatetemeka. Nikasalimia, nikafunga flashi juu ya kamera, nikapiga nne za harakaharaka kujaribu mwanga wa chumba.

Bibi harusi akageukia ukutani na kujifunika jicho moja kwa kiganja.

Nilidhani wanja umemwingia. Lakini shangazi yake aliyekuwa anamfunga mtandio akasimama ghafla. "Hebu tupisheni kidogo," akawaambia wenzake. "Bibi harusi anabadilisha nguo." Wakatoka wakicheka. Na mimi nikaanza kutoka, shangazi akanishika mkono. "Wewe baki."

Zainabu akaniamkia upya, kwa sauti ya chini. "Shikamoo dada."

"Marahaba, mdogo wangu."

"Nina kitu nataka kukuambia, na nakuomba kiishie hapa. Mimi huwa naanguka."

Sikuelewa mara moja. Shangazi akalitaja jina lenyewe, kifafa, akiangalia mlango.

Zainabu akanieleza bila kulia, kama mtu aliyelirudia jambo hilo kichwani njia nzima kutoka Kilangali. Alianza kuanguka akiwa shule ya msingi. Anakunywa dawa kila siku, na sasa ni muda mrefu hajaanguka. Mara ya mwisho ilikuwa kwenye sherehe ya binamu yake, taa za disko zikimwekamweka usoni. Si kila mwenye ugonjwa huo anasumbuliwa na mwanga, daktari alimwambia, ila yeye ni katika wale wachache, ajihadhari na mwanga wowote unaorudia haraka haraka, ukimjia azibe jicho moja kwa kiganja, na asikose usingizi. Na wiki hii yote ya pilika za harusi alikuwa hajalala vya kutosha.

"Hamadi anajua," akasema. "Nilimwambia kabla hajaleta posa. Mama yake hajui. Dada, nikianguka leo, hakuna atakayekumbuka hata gauni nililovaa. Watakumbuka povu."

Sasa niseme kitu ambacho sikukisema kwa mtu yeyote jana. Wazo langu la kwanza halikuwa huruma. Niliwaza picha zangu. Niliwaza kwamba nimekuja na betri zangu nzuri, watu wa Mikumi hawajaniona nazo bado, na sasa naambiwa niende polepole. Lilipita haraka, lakini lilipita, na yeye alikuwa ananitazama usoni.

Sijui kama flashi yangu peke yake ingemwangusha. Mimi si daktari. Lakini ninakijua kidole changu. Bibi harusi akicheka, mama akilia, kidole kinakwenda chenyewe, pa pa pa pa, kabla kichwa hakijakumbuka ahadi. Ningemwambia "usijali" na ningesahau kwenye keki.

Kwa hiyo nikatoa betri za kuchaji mbele yake nikazitia mfukoni. "Nakwenda kununua mbovu," nikamwambia. Akacheka kwa mara ya kwanza.

Ng'ambo ya barabara kuna duka linalouzia madereva wa malori, maji na biskuti na sabuni. Mwenye duka, mama mmoja mwenye miwani, akanitolea pakiti, akaiangalia kamera yangu shingoni, akaurudisha mkono.

"Mwanangu, hizi ni za saa ya ukutani. Hazitakufaa kwa kazi hiyo. Zitakuchelewesha."

"Ndizo ninazozitaka, mama."

Akanipa, lakini alinisindikiza kwa macho mpaka nilipovuka barabara.

Ndoa yenyewe ilifungwa barazani kwa wajomba, mchana kweupe, flashi nikaizima kabisa. Shida ilikuwa ukumbi. Wapambaji walikuwa wamefunika madirisha yote kwa vitambaa vyeupe na vya zambarau, ndani kukawa kama usiku. Na kwenye kona, kwa dijei, niliziona. Taa za disko, safu nzima.

Dijei ni baba mzima mwenye kipara, ametoka Morogoro mjini. Nikamwendea kabla wageni hawajajaa. Siri haikuwa yangu, kwa hiyo nikamwambia sehemu ya ukweli iliyo yangu: taa zile zikiwaka na kuzima zinaniharibia picha, zinamwekea bibi harusi madoa ya kijani usoni.

"Sista, harusi bila taa si mtakuwa mmekaa kikao?"

"Washa zinazotulia. Zile za rangi, zisizocheza. Na mimi nitakupiga picha nzuri wewe na mitambo yako, ukaiweke kwenye ukurasa wako."

Akajishika kipara, akafikiri. "Nivae miwani au nisivae?"

"Vaa."

Tukakubaliana. Nikageuza flashi iangalie dari, mwanga ushuke kwa upole badala ya kumpiga mtu usoni. Lakini kuugeuza hivyo kunakula nguvu zaidi, na betri zile za saa zikazidi kuchoka. Napiga moja, tiiii. Watu wamesimama wanasubiri. Napiga nyingine, tiiiiii.

Mama yake Hamadi ni mwanamke mrefu, sauti yake haihitaji kipaza sauti. Alivumilia picha za wajomba. Alivumilia za majirani. Ilipofika zamu ya dada zake waliotoka Iringa, akashindwa.

"Mpiga picha, mwanangu, hiyo flashi yako inasinzia?"

"Inakuja, mama."

"Tuliambiwa wewe ni radi. Radi gani hii ya kubembelezwa?"

Watu wakacheka. Mimi pia nikacheka, midomo tu. Betri zangu nzuri zilikuwa mfukoni, zimejaa, nazihisi kwenye paja. Zainabu aliniangalia toka kwenye kiti chake, macho yakiomba radhi. Nikamkonyeza kwamba mambo yako sawa. Hayakuwa sawa sana. Iliniuma. Ni kazi yangu ile, na pale ukumbini walikuwepo watu wenye mabinti wa kuoza.

Basi chakula hakijaletwa bado, dijei anapiga taratibu, ukumbi umepoa. Mama Hamadi akaona harusi ya mwanawe inalala. Akaenda mwenyewe hadi kona ya dijei.

"Huu ni walima au hitima? Washa hizo taa zako, watu wacheze!"

Dijei akanitazama. Mwenye shughuli ni mwenye shughuli. Akawasha.

Ukumbi mzima ukaanza kukatika vipande vipande. Nyeupe, giza, nyeupe, giza. Vigelegele vikapanda. Nikamtafuta Zainabu, nikamwona amejiziba jicho kwa kiganja kama kule gesti, na mkono mwingine umeng'ang'ania kitambaa cha meza. Hamadi alikuwa ameshainuka. Akamvuta kifuani, akamfunika uso kwa koti lake, akamzungushia mikono kichwani. Wageni wakapiga makofi wakidhani ni mahaba. Labda yalikuwa mahaba.

Sikufikiri. Nilikata katikati ya wachezaji, nikamkanyaga mtu, nikafika ukutani na kuuvuta waya.

Taa zikafa. Na muziki ukafa, maana vyote vilikuwa kwenye ekstensheni moja.

Kisha kila mtu akaanza kusema. Mama Hamadi alinifikia kabla dijei hajanifikia, akanishika juu ya kiwiko na kuniingiza kwenye kile chumba cha nyuma wanakoweka viti vya akiba.

"Una nini na harusi ya mwanangu?"

"Nimejikwaa kwenye waya, mama. Nisamehe."

"Hujajikwaa. Nimekuona ukiinama."

Mlango ukafunguliwa, akaingia Zainabu ameshika gauni kwa mikono miwili, Hamadi nyuma yake. Alikuwa na jasho usoni lakini amesimama vizuri, hakuanguka.

"Mama, usimgombeze," akasema. "Amefanya kwa ajili yangu. Mimi nina kifafa. Zile taa zinaweza kuniangusha."

Hamadi akafungua mdomo. Mama yake akamwinulia kidole, naye akaufunga.

"Tangu lini?"

"Tangu mtoto."

"Unakunywa dawa?"

"Kila siku, mama."

"Na huyu anajua?" Hakumtazama Hamadi.

"Anajua. Nilimwambia mwanzo kabisa."

"Na mpiga picha naye anajua." Sauti yake ilikuwa imeshuka. "Mpiga picha kutoka Kilosa anajua, mimi sijui."

Hapo nikaona kwamba hasira imegeuka kitu kingine. Akavuta kiti kimoja cha akiba, akakipangusa vumbi kwa ncha ya mtandio wake mpya, akakaa. Nilitaka kutoka lakini yeye alikuwa kati yangu na mlango.

"Niliogopa, mama," Zainabu akasema.

"Uliogopa nitafanya nini?"

Nje dijei alikuwa amerudisha muziki, taa za disko zimebaki zimezimwa. Mama Hamadi akaangalia viganja vyake vyenye hina.

"Mdogo wangu alikuwa nao ugonjwa huo," akasema. "Anayenifuata mimi. Nyumbani walimtengea sahani yake, kikombe chake, mkeka wake. Walisema unaambukiza. Nilikuwa naosha vyombo, chake nakisukuma kwa kijiti. Nilikuwa mtoto, nilifanya walivyofanya. Alikufa anakula peke yake."

Hamadi akasema polepole, "Mama, hukuwahi kutuambia."

"Na wewe umeniambia nini?"

Akainuka. Nilidhani anatoka. Akamwendea Zainabu, akamfuta jasho kwa mtandio uleule wenye vumbi, akamwachia alama ya kijivu shavuni, akaifuta tena kwa kidole gumba. "Hauambukizi ule," akasema, kana kwamba anamfundisha yeye. "Nilikuja kuambiwa hospitali, tumeshazika."

Kisha akatoka nje. Tukaisikia sauti yake ikijaa ukumbi mzima. "Dijei! Hizo taa zisiwashwe tena, macho yangu mabovu, yananiuma. Atakayetaka taa za kumwekamweka aende kucheza barabarani na malori!"

Watu wakacheka. Hakuna aliyeuliza zaidi.

Zainabu akakaa kwenye kile kiti, akalia sasa. Shangazi yake akaja na maji. Mimi nikaenda kumpiga dijei picha yake, amevaa miwani, maana ahadi ni ahadi.

Chakula kilipokuja, maharusi walitengewa sinia lao la pilau, na mama mkwe alikuwa na meza yake na wageni wa Iringa. Hakwenda huko. Alivuta kiti akakaa kwa mkamwana wake, akanawa, akaingiza mkono kwenye sinia lilelile. Akafinyanga tonge, akaliinua hadi mdomoni mwa Zainabu, kisha akanikumbuka.

"Mpiga picha, uko tayari?"

Flashi ilikuwa inalia. Nilikuwa nimepiga picha muda si mrefu. Kitaa hakijawaka.

"Bado, mama. Nisamehe."

"Tutangoja."

Akangoja. Tonge liko hewani, wali unadondoka mmoja mmoja kwenye sinia. Zainabu amefungua mdomo kidogo, kisha akaona jinsi walivyo, akaanza kucheka, na mama naye akaanza kutikisika mabega. Dada zake wa Iringa wakasogea kuona kuna nini. Hamadi akainamisha kichwa akajifuta macho kwa mkono wa koti akidhani hakuna anayemwona. Mimi nimemwona. Kitaa kikawaka. Nikapiga moja.

Sikupiga ya pili. Haikuhitajika.

Leo asubuhi Zainabu ndiye aliyenipigia, kabla hata sijapanda gari la Kilosa. Anasema mama mkwe aligonga mlango asubuhi, akauliza dawa inanywewa kabla ya uji au baada. Aliambiwa baada. Akaenda kuupika, akauleta, akakaa kitandani mpaka akaona kidonge kimemezwa. Hamadi bado ananuniwa kwa kuficha. Anasema atanuniwa siku nyingi, na ni haki yake.

Nimekaa hapa nasikiliza mvua juu ya bati na ninachofikiria ni wale wengine. Miaka yote hii nimewaambia watu fungua macho, angalia huku, tabasamu. Wangapi walikuwa wamejiziba macho nami nikadhani ni aibu? Na tangu nipate betri mpya, wangapi nimewamulika mfululizo nikijisifu moyoni? Siwezi kujua. Sikuwahi kuuliza.

Zainabu alikuwa na ujasiri wa kuniambia. Si kila mtu anao, na haifai kazi ya kuanza kusema iwe yao.

Saa tisa simu imelia. Mzee mmoja wa Zombo, anataka nikawapige picha Jumamosi ijayo, familia nzima, wajukuu watakuwa wamekusanyika. Nikamsalimu shikamoo, tukapanga, tukamaliza. Alikuwa anakaribia kukata. Nikajilazimisha.

"Samahani, baba, jambo moja. Kuna yeyote hapo nyumbani ambaye mwanga wa kamera unamsumbua? Kwa ugonjwa, kwa macho, kwa lolote?"

Nikamsikia akimwita mtu, wakasemezana, akarudi.

"Ni mke wangu," akasema. "Walimfanyia upasuaji wa macho, na mwanga ule unamchoma sana. Alikuwa ameshasema Jumamosi atakaa jikoni mpaka mmalize."

Nikamwambia hatutatumia flashi. Tutakaa nje asubuhi, chini ya upenu, na mama awe katikati.

"Subiri," akasema. "Mwambie mwenyewe."

Akampa simu.